Jicho na Sikio: Athari ya Ukurasa wa Chapa katika Dhana ya Mshororo wa Ushairi wa Kiswahili

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya anapotakiwa kueleza umbo la utenzi hujibu pasi na kusita: kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una kipande kimoja chenye mizani minane, na kina cha mshororo wa mwisho hujirudia katika utenzi mzima. Jibu hilo hupewa alama zote. Ndilo lililomo katika miongozo ya ushairi, na ndilo ambalo wengi wetu tulilipokea na tukalipitisha kwa wanafunzi wetu. Azma ya makala haya ni kulichunguza jibu hilo kwa swali moja: katika hayo yanayotajwa, ni yapi yanayosikika na ni yapi yanayoonekana tu?

Swali hili si la mzaha. Vina na mizani ni mambo ya sikio. Asiyejua kusoma huyatambua utenzi unapoghaniwa. Mshororo, kwa upande mwingine, ni jambo la jicho. Ni kiasi cha maneno kinachowekwa baina ya pambizo mbili za ukurasa. Anayeupanga ukurasa huo mara nyingi si mtunzi, bali ni mnakili, mhariri, au mpangaji herufi katika kiwanda cha chapa. Tukikubali hivyo, basi historia ya ushairi wa Kiswahili haina budi kuwa pia historia ya kurasa zake. Uhakiki wetu umeitalii kwa mapana historia ya watunzi, lahaja na maudhui, lakini ukurasa wenyewe umeuchukulia kama chombo kisicho na neno.

Hoja kuu ya makala haya ni kuwa ushairi wa Kiswahili ulipohama kutoka mswada wa hati ya Kiarabu na kuingia katika kitabu cha hati ya Kirumi haukubadilisha herufi pekee. Ulibadilisha usanifu wa ukurasa, na usanifu huo mpya ukazaa baadhi ya istilahi na fasili ambazo leo tunazifundisha kama kanuni za jadi. Aidha, tutadai kuwa mgogoro mkali baina ya wanajadi na watetezi wa mashairi huru ulikuwa, kwa sehemu yake kubwa, mgogoro juu ya ukurasa, ingawa pande zote mbili ziliuendesha kana kwamba ni mgogoro juu ya sauti.

2. Ukurasa wa mswada

Mswada wa Chuo cha Herekali, au Utendi wa Tambuka, una tarehe ya mwaka 1141 wa Hijria, sawa na 1728. Utendi huo ulitungwa na Mwengo huko Pate, una beti zaidi ya 1,100, na ni miongoni mwa miswada ya kale kabisa ya Kiswahili iliyosalia. Kutoka wakati huo hadi mwanzoni mwa karne ya 20, utamaduni wa kunakili tendi, kasida na mashairi kwa hati ya Kiarabu ulistawi katika miji ya Pate, Siyu, Lamu na Mombasa. Siyu ilipata sifa katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu yake iliyonakiliwa na kupambwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa hiyo, wanakili wa tendi waliishi katika mazingira yaliyojua thamani ya pambizo, ya nafasi tupu, ya wino wa rangi na ya ulinganifu wa mistari.

Mnakili anayejulikana zaidi kwetu ni Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945 baada ya maisha marefu ya utunzi, muziki, uchongaji na unakili. Aliwaandikia miswada wataalamu kadhaa wa Ulaya, wakiwemo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na sehemu kubwa ya kazi yake imehifadhiwa London na Hamburg. Miehe na Vierke (2010) wamekusanya na kuchapisha sehemu ya hazina hiyo. Tahadhari moja inafaa hapa. Baadhi ya miswada hiyo ilinakiliwa kwa maagizo ya wataalamu hao, na mapambo yake huenda yalikusudiwa kumridhisha mnunuzi. Hata hivyo, mpangilio wa kimsingi wa beti katika miswada yake unalingana na ule wa wanakili wengine.

Mpangilio huo ni upi? Katika miswada mingi ya tendi, ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja mrefu unaotoka kulia kwenda kushoto. Vipande vinne vya ubeti hutenganishwa kwa alama ndogo za mapambo. Mara nyingine ubeti hugawanywa katika mistari miwili yenye vipande viwili viwili. Hati hiyo haina herufi kubwa, wala mnakili hakutumia nukta na mkato kama tuvitumiavyo leo. Alama zile ndogo ndizo zilizokuwa uakifishi wake, na kazi yake haikuwa kuonyesha mwisho wa sentensi bali mwisho wa kina.

Ili kuonyesha matokeo ya mpangilio huo, tumetunga beti mbili za mfano, tukazipanga kwa namna ya mswada, isipokuwa tu kwamba hapa mstari unatoka kushoto kwenda kulia:

Neno huwa na sauti * na tena huwa na kiti * na kiti chake ni hati * jicho linapotuliya
Msomaji mwenye hima * asiyetazama nyuma * hupita pasi kukoma * njia ikampoteya

Mpangilio huu una mambo mawili ya kutiliwa maanani. La kwanza ni kuwa vina vya ndani, yaani -ti na -ma, vimefungiwa ndani ya mstari. Vinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti na havijitokezi pembeni. La pili ni kuwa kina cha bahari, yaani -ya, kinaangukia ukingoni mwa ukurasa, na ubeti unaofuata unakiweka papo hapo chini yake. Msomaji wa mswada wenye beti mia moja huona katika ukingo wa kushoto safu moja ya herufi zilezile ikishuka kutoka ukurasa hadi ukurasa. Umoja wa utenzi, ambao sikio huujenga polepole kwa kurudiwa kwa kina, jicho huuona kwa mara moja.

Istilahi za Kiarabu zilizoandamana na usanifu huu zinathibitisha kuwa ushairi ulifikiriwa kama jengo. Neno bait, lililotupa beti na ubeti, maana yake ni nyumba. Neno misra, linalotaja nusu ya bait ya Kiarabu, maana yake ya asili ni ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Ukurasa wa shairi la Kiarabu wenye safu mbili zilizoachana kwa nafasi tupu unaonyesha picha hiyo waziwazi: mbao mbili, na katikati yake pahali penye mfaa. Kwa Kijumwa, aliyechonga milango na kunakili mashairi kwa mikono ile ile, fani hizo mbili zilishabihiana kwa vitendo.

Yapo pia mapungufu ya hati hiyo ambayo hatuna budi kuyataja. Kabla ya juhudi za kuirekebisha, alama ya kasra iliwakilisha irabu i na e, na dhuma iliwakilisha u na o. Herufi ya ba iliweza kusomwa b, p, mb au mp. Msomaji asiyeujua utenzi hakuweza kuusoma kwa wepesi kutoka kwenye karatasi. Ukurasa ulikuwa msaidizi wa kumbukumbu ya mtu aliyekwisha kuusikia utenzi, na sikio ndilo lililosahihisha jicho. Hili ni jambo la msingi: katika utamaduni wa mswada, jicho na sikio yalikuwa na kazi tofauti, na hakuna lililodai kazi ya mwenziwe.

3. Kutoka mswada hadi kitabu

Mtambo wa kwanza wa chapa katika Unguja uliletwa na wamisheni wa UMCA, ambao walifika kisiwani mwaka 1864. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wao, alichapisha mwaka 1870 sarufi yake ya Kiswahili pamoja na mkusanyo wa hadithi wenye tungo kadhaa za kale, Kiswahili kikiwa upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Wakati wa Sayyid Barghash (1870–1888) Unguja ilipata pia mtambo wa herufi za Kiarabu, lakini vilivyochapwa humo vilikuwa hasa vitabu vya Kiarabu vya elimu ya Kiibadhi. Kwa hiyo tendi za Kiswahili hazikupata kuingia katika chapa kwa hati yake zenyewe kwa kiwango cha maana. Ziliingia kwa hati ya Kirumi, kupitia mikono ya wahariri wa Ulaya.

Katika mikono hiyo, ubeti wa utenzi ulipangwa kwa kawaida katika mistari minne mifupi, na kila ubeti ukapewa namba. Sababu zake zinaeleweka. Kwanza, ubeti wa mizani 32 una herufi zipatazo 75, na kitabu cha ukubwa wa kawaida hakiuchukui katika mstari mmoja bila kupunguza herufi kupita kiasi. Pili, tafsiri iliyowekwa mkabala ilidai vipande vidogo vinavyoweza kulinganishwa. Tatu, ubeti wa mistari minne ulikuwa na sura ambayo msomaji wa Ulaya aliizoea katika ushairi wake na katika vitabu vyake vya nyimbo za kanisa. Hakuna hata moja kati ya sababu hizi iliyotokana na utenzi wenyewe.

Mfano wetu ukipangwa kwa namna hiyo huwa hivi:

1. Neno huwa na sauti
na tena huwa na kiti
na kiti chake ni hati
jicho linapotuliya

2. Msomaji mwenye hima
asiyetazama nyuma
hupita pasi kukoma
njia ikampoteya

Maneno hayakubadilika, na akighani mghani hakuna atakayesikia tofauti. Hata hivyo, msomaji wa kimya anaona kitu kingine. Kina cha bahari hakina tena ukingo wake. Kimekuwa mwisho wa mstari mmoja kati ya minne, na baina yake na mwenziwe pana mistari mitatu na nafasi tupu. Kinachojitokeza sasa ni vina vya ndani, ambavyo vimetolewa pambizoni kana kwamba vina hadhi sawa na kina cha bahari. Ubeti, uliokuwa kiungo cha mnyororo, umekuwa kisiwa chenye namba. Tambuka ya beti zaidi ya 1,100 inageuka kuwa mistari zaidi ya 4,400, na sehemu kubwa ya kila ukurasa inabaki tupu.

Athari yake katika uhakiki si ndogo. Hadi leo mhakiki anayechambua Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 hunukuu ubeti mmoja mmoja, akauchambua kama kauli iliyokamilika, kisha akaenda kwa mwingine. Ni nadra kumwona mhakiki akifuatilia vile mtunzi anavyokitumia kina cha bahari kubeba kitenzi, jina au dua kwa mfululizo wa beti kumi au ishirini. Vierke (2011), aliyeutazama utenzi kwa kuanzia na miswada, ametukumbusha kuwa mstari wa vipande vinne ndio kipimo ambacho mtunzi alikifanyia kazi. Tusipouona mstari huo, tunaupima utenzi kwa vipande vyake badala ya kuupima kwa mwendo wake.

4. Istilahi zilizozaliwa na ukurasa

Ushahidi ulio wazi zaidi wa hoja yetu umo katika istilahi zenyewe. Kizio cha mizani minane kinapatikana katika utenzi na katika shairi la kawaida la mizani 16. Katika shairi, kizio hicho huitwa kipande: cha kwanza ni ukwapi na cha pili ni utao. Katika utenzi, miongozo yetu hukiita mshororo. Kwa sikio, kizio ni kilekile: mizani minane inayokomea kwenye kina. Kinachotofautisha majina hayo mawili ni mahali mpangaji herufi alipouvunja mstari.

Mkanganyiko unazidi tunapofika katika uainishaji wa bahari. Miongozo ya shule hutueleza kuwa utenzi una kipande kimoja katika kila mshororo, mathnawi vipande viwili, ukawafi vipande vitatu, na mavue vipande vinne. Hutueleza pia kuwa ubeti wa mshororo mmoja ni umoja au tathmina, wa miwili ni tathnia, wa mitatu ni tathlitha, na wa minne ni tarbia. Sasa tuuchukue utenzi kama ulivyo katika mswada: mstari mmoja, vipande vinne. Kwa kanuni hizo hizo, utenzi unakuwa mavue kwa kigezo cha vipande, na tathmina kwa kigezo cha mishororo. Ukiandikwa katika mistari miwili, kama walivyofanya baadhi ya wanakili, unakuwa mathnawi na tathnia. Ukipangwa kwa namna ya kitabu, unarudi kuwa utenzi na tarbia. Utungo mmoja umepita katika bahari tatu pasi na silabi moja kubadilishwa. Kigezo kinachoruhusu jambo hilo hakipimi ushairi; kinapima karatasi.

Hatusemi kuwa istilahi hizo zitupwe. Zina manufaa darasani, na nyingine, kama vile takhmisa, zina msingi imara katika historia. Tunachosema ni kuwa lazima tutofautishe istilahi za sauti na istilahi za mpangilio, na tusizifunge zote katika neno moja, umbo, kana kwamba zina asili moja.

5. Gazeti na sheria

Shairi la mizani 16 lilikuwa na historia yake katika chapa, na historia hiyo ni ya gazeti zaidi ya kitabu. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji kwa miongo kadhaa. Huku Kenya, Baraza lilianza mwaka 1939, na baadaye Taifa Leo likaendeleza ukurasa wa mashairi. Huko ndiko malenga wa bara na pwani walikojibizana, na huko ndiko vizazi vya wasomaji vilikojifunza kulitambua shairi kwa kulitupia jicho tu: kichwa cha habari, beti zenye namba, mistari iliyolingana, mkato katikati, jina la mtunzi na mahali atokako chini.

Safu ya gazeti ni nyembamba. Mshororo wa mizani 16 una herufi 35 hadi 40, na pengine hauenei. Hapo mpangaji herufi huwa na njia tatu: kupunguza herufi, kutumia upana wa safu mbili, au kuuvunja mshororo kwenye mkato. Mtunzi aliyetaka shairi lake litoke bila kuvunjwa alijifunza kupima si mizani tu bali na herufi. Sheria ya mizani 16 ilitoka katika sikio, lakini nidhamu ya mishororo iliyolingana kwa jicho ilitiliwa nguvu na mtambo.

Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, wakati ambapo utamaduni huo wa gazeti ulikuwa umekomaa. Kitabu hicho kilikusanya kanuni zilizokuwa zikishikwa kwa mazoea na kuziweka katika maandishi, nacho kimekuwa nguzo ya mafunzo ya ushairi katika Afrika Mashariki. Kwa kuwa kilitoka katika zama za chapa na kuwalenga wasomaji wa chapa, kanuni za sikio na mazoea ya ukurasa yalisomwa na waliomfuata kama kitu kimoja. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 1930 nayo ilishughulikia tahajia, msamiati na sarufi. Usanifu wa ukurasa wa shairi haukuwa sehemu ya kazi yake, hivyo uliachiwa wachapishaji.

6. Yaliyofichwa na ukurasa mpya

Kuna tungo ambazo mabadiliko ya ukurasa yamezigusa katika maana yenyewe. Tutataja aina mbili.

Ya kwanza ni Hamziya, iliyotarjumiwa na Aidarus bin Athuman wa Pate kutoka kwa kasida ya Kiarabu ya al-Busiri. Katika miswada, mstari wa Kiarabu huandikwa, na chini yake huwekwa mstari wa Kiswahili. Msomaji anayaona yote mawili kwa pamoja. Kiswahili kinasimama kama kivuli cha Kiarabu, kikikifuata neno kwa neno. Mpangilio huo ndio unaoeleza ugumu wa Kiswahili chake na mikunjo ya sintaksia yake. Mhariri anapouondoa mstari wa Kiarabu na kukiacha Kiswahili peke yake, msomaji hulaumu lugha kwa kuwa ngumu, ilhali kilichoondolewa ni nusu ya ukurasa.

Ya pili ni takhmisa katika maana yake ya asili, yaani utungo ambamo mtunzi wa baadaye huongeza vipande vitatu vyake juu ya viwili vya mtunzi wa awali. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Inkishafi, alitakhamisi utungo unaonasibishwa na Fumo Liongo. Katika ubeti wa aina hiyo sauti mbili zinakutana, na karne zinazozitenganisha zinapatanishwa kwa kina. Ukurasa unaweza kumwonyesha msomaji pahali sauti moja inapokoma na nyingine kuanza, ama kwa nafasi, ama kwa sura tofauti ya herufi. Ukurasa usiofanya hivyo humfanya msomaji aamini kuwa anamsoma mtu mmoja. Maana ya neno takhmisa katika miongozo yetu imesinyaa hadi kuwa shairi la mishororo mitano, na huenda ukurasa una sehemu ya lawama.

7. Mgogoro wa mashairi huru

Kwa msingi huu tunaweza sasa kuutazama upya mgogoro uliozuka katika miaka ya 1970. Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi mwaka 1974, na katika utangulizi wake akatetea ushairi usiofungwa na vina na mizani. Mulokozi na Kahigi walitoa mchango wao wa kinadharia na wa kiutunzi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979). Alamin Mazrui alifuata na Chembe cha Moyo mwaka 1988. Kwa upande wa pili, wanajadi walisisitiza kuwa utungo usio na vina na mizani si shairi bali ni nathari iliyokatwakatwa.

Lawama hiyo ya nathari iliyokatwakatwa ni muhimu kuliko ilivyodhaniwa. Inakubali kuwa kinacholifanya shairi huru lionekane shairi ni ukataji wa mistari, na huo ni tendo la ukurasa. Watetezi wa mashairi huru walidai kuwa wanaukaribisha ushairi kwa mazungumzo ya kawaida ya watu. Hata hivyo, mstari wa shairi huru hauna kina cha kumwambia msikilizaji kuwa umekoma. Mwisho wake unajulikana kwa nafasi tupu inayoufuata. Basi utungo uliotetewa kwa jina la sauti ndio uliotegemea chapa kuliko tungo zote zilizoutangulia.

Nao wanajadi hawakuwa mbali na mtego huo. Walipotetea mishororo minne na beti zilizolingana kama urithi wa mababu, walichanganya urithi wa sikio na mazoea ya kitabu cha shule. Nguvu ya kweli ya hoja yao ilikuwa kwingine, na ushahidi wake ni Sauti ya Dhiki (1973). Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi hayo akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, akayaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Utungo uliojengwa kwa vina na mizani unaweza kukaa juu ya karatasi yoyote, au ukakaa kichwani bila karatasi, na ukatoka ukiwa mzima. Hiyo ndiyo fadhila ya umbo la jadi, na haina uhusiano na idadi ya mistari.

Baada ya mgogoro huo kupoa, walitokea watunzi walioukubali ukurasa kuwa sehemu ya utunzi. Kithaka wa Mberia, kuanzia Mchezo wa Karata (1997), ameyapanga maneno kwa namna ambayo jicho linapokea sehemu ya maana kabla ya sikio. Uhakiki wetu mara nyingi huyaita mambo hayo ukiushi. Tukikumbuka mnakili wa Siyu na wa Lamu, twaweza kuuliza kama kweli ni ukiushi, au ni kurejea, kwa njia nyingine, katika desturi ya kuuheshimu ukurasa.

8. Hitimisho

Makala haya yamedai kuwa mshororo, kama tunavyoufahamu na kuufundisha, ni zao la ukurasa wa chapa kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko tulivyokubali; na kuwa vina na mizani ndivyo vilivyodumu katika safari yote kutoka mswada hadi kitabu. Madai haya yanazaa mapendekezo matatu.

Kwanza, kila toleo jipya la utenzi wa kale liwe na picha ya angalau ukurasa mmoja wa mswada, na mhariri aeleze bayana namna beti zilivyopangwa, alama zilizotumika, na mabadiliko aliyoyafanya. Kubadilisha mpangilio si kosa. Kosa ni kuubadilisha kimyakimya. Jambo hili sasa ni jepesi kuliko zamani, kwa kuwa baadhi ya miswada iliyohifadhiwa SOAS, London, inaweza kutazamwa kwa picha kwenye intaneti, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inao mkusanyo mkubwa uliotokana na juhudi za J. W. T. Allen.

Pili, mwanafunzi wa uzamili anayekusudia kuandika juu ya tendi afundishwe kuisoma hati ya Kiarabu. Anayeuchambua utenzi bila kuuona ukurasa wake wa awali anachambua uamuzi wa mhariri, na pengine hana habari.

Tatu, katika shule zetu, swali juu ya umbo la shairi ligawanywe sehemu mbili: yanayosikika na yanayoonekana. Mwanafunzi atakayesema kuwa ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani minane, vitatu vya kina kimoja na cha nne chenye kina cha bahari, atakuwa amesema jambo lililo kweli katika mswada wa 1728, katika kitabu cha leo, na katika kinywa cha mghani. Atakayesema kuwa una mishororo minne atakuwa ameueleza ukurasa uliowekwa mbele yake. Wote wawili wanastahili alama, lakini hawakujibu swali moja.